Motokaa Kuukuu si Sanamu

Kuna watu ambao wakipata kitu kizuri cha zamani hawajui kukitendea ila moja kati ya mambo mawili: ama hukiharibu, ama hukiabudu. Mwenye kukiharibu hupigiwa kelele na kila mtu, na kelele hizo ni haki yake. Lakini mwenye kukiabudu husifiwa, hupewa vikombe na vyeti, na mwishowe huketishwa kuwa mwamuzi wa mali za wenzake. Nia yangu katika insha hii ni kumshitaki huyo wa pili. Shauri lenyewe linahusu motokaa za Kimarekani za miaka ya 1960 ambazo Wamarekani wenyewe huziita motokaa za misuli, na swali lililo mbele ya baraza ni hili: je, mwenye motokaa ya namna hiyo ana haki ya kuiongezea nguvu kwa vipuri ambavyo kiwanda chake chenyewe kiliviunda na kuviuza zamani zile? Mimi nasema anayo, tena haki kamili. Wako wanaosema hana, na sauti zao zasikika mbali kwa sababu mifuko yao ni mizito.

Yamkini msomaji kijana atauliza mambo ya Detroit yamemfikaje yeye. Yamemfika kwa mlango huu: jambo linalogombewa ni nani mwenye kibali cha kutamka kwamba chombo hiki ni cha asili na kile si cha asili, na kwa ushahidi gani. Ugomvi huo hauna mpaka wa nchi.

Kwanza tuijue motokaa yenyewe. Katika Marekani ya wakati huo magari yaligawanywa kwa vimo, makubwa, ya kati na madogo, na kila kimo kilikuwa na injini zake. Motokaa ya misuli ilizaliwa siku mafundi walipochukua injini ya gari kubwa wakaitia katika gari la kati, kisha wakaliuza kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliweza kuifikia. Mfano wake mashuhuri ni Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kanuni kwamba gari la kati lisipewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo, yaani kama lita 5.4. Wahandisi wa Pontiac, akiwamo John DeLorean, walikuwa na injini mbili: moja ya inchi 326, ambayo kanuni iliikubali, na nyingine ya inchi 389, ambayo kanuni iliikataa. Lakini injini hizo zilikuwa pacha kwa umbo la nje. Ilipokaa hii, ile nayo ilikaa. Tena wahandisi wale walikuta mwanya: kanuni ilitaja injini ambayo gari huuzwa nayo, haikutaja nyongeza ambayo mnunuzi huichagua mwenyewe katika orodha. Basi ile ya 389 ikaandikwa kuwa nyongeza ya gari liitwalo Tempest LeMans, kwa dola zipatazo 296, na nyongeza hiyo ikabatizwa jina la GTO. Katika mwaka wake wa kwanza ziliuzwa 32,450.

Gari hilo lilikuwa na nguvu za farasi 325. Mnunuzi ambaye hakutosheka alipewa kabureta tatu zilizopangwa mstari mmoja: ile ya katikati ilifanya kazi ya kila siku, na zile mbili za pembeni ziliamka mguu ulipozama, na nguvu zikapanda hadi farasi 348. Sasa nawaomba wenye kuabudu asili waniambie asili ya GTO ni nini. Ni injini iliyotolewa katika rafu moja ya kiwanda ikatiwa katika gari la rafu nyingine. Motokaa hiyo ilitoka tumboni mwa mama yake ikiwa tayari ni tendo la kuongezewa nguvu kwa vipuri vya kiwanda. Anayesema tendo hilo ni kufuru, na huku akiliinamia zao lake, anamsifu mtoto akimtukana mzazi.

Nitatoa mfano mwingine, ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote. Katika mji wa East Providence, jimbo la Rhode Island, alikuwako muuzaji wa magari ya Ford aitwaye Bob Tasca. Magari ya Mustang ya mwaka 1967 yalikuwa na injini ya inchi 390, na injini hiyo iliaibishwa barabarani na wapinzani. Ikatokea injini ya Mustang moja kuvunjika mikononi mwa watu wa Tasca. Hawakuagiza nyingine kama ile. Walikwenda kwenye rafu za vipuri vya Ford, wakachukua kiwiliwili cha injini ya inchi 428 iliyoundwa kwa ajili ya magari ya polisi, wakakifunika kwa vichwa vya silinda vya ukoo wa injini ya 427, wakaweka juu yake kabureta kubwa. Kila kipande kilikuwa na nambari katika kitabu cha vipuri cha Ford. Hakuna kilichobuniwa, kilichobuniwa ni ndoa yao tu. Gari lile likawa na mwendo ambao Ford yenyewe haikuwa imeuona katika Mustang ya barabarani. Jarida la Hot Rod likaiandika habari hiyo, barua za wasomaji zikaenda Ford, na mwezi wa Aprili 1968 kiwanda kikaanza kuuza Mustang yenye injini ya 428 Cobra Jet. Kwenye karatasi iliandikwa farasi 335, na waliopima wakasadiki kwamba karatasi ilikuwa na haya kuliko injini.

Leo Mustang ya Cobra Jet ni miongoni mwa zile zinazowekewa kamba katika maonyesho ili mtoto asiiguse. Mbele yake hukaa mzee mwenye miwani na karatasi ya alama, akikagua kama rangi ya chaki iliyochorwa chini ya gari na wafanya kazi wa mwaka 1968 imenakiliwa sawasawa. Lau mzee huyo angaliingia gereji ya Tasca mwaka 1967, angalimkuta fundi amelifungua gari la watu na kulitia injini ambayo halikuzaliwa nayo, naye angalimpunguzia alama. Na lau fundi angalimtii, Cobra Jet isingalizaliwa.

Kiwanda kwa upande wake hakikuwazuia raia, kiliwafungulia mlango. Chevrolet Camaro ya Z/28 ilitolewa mwaka 1967 kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am, ambayo sheria zake zilitaka injini isizidi lita 5, yaani inchi 305 za ujazo. Chevrolet haikuwa na injini ya kipimo hicho, ila ilikuwa na mbili zilizokizunguka: moja ya 283 na nyingine ya 327. Wakachukua kiwiliwili cha ile kubwa, chenye silinda za upana wa inchi 4, wakatia ndani yake krankishafti ya kipimo cha ile ndogo, yaani lile fito lenye makombo lizungushwalo na pistoni, ambalo huifanya pistoni ipande na kushuka inchi 3. Mwanafunzi mwenye kalamu na ahesabu mwenyewe: nusu ya upana ni inchi 2, mraba wake ni 4, mara pai ni 12.57, mara inchi 3 za mwendo ni 37.7, mara silinda nane ni inchi 301.6. Ndiyo ile 302 iliyotangazwa. Katika mwaka wa kwanza ziliundwa 602 tu, na Camaro za timu ya Roger Penske, zikiendeshwa na Mark Donohue, ndizo zilizoipatia Chevrolet ubingwa wa Trans-Am mwaka 1968 na 1969. Mwenye Z/28 aliyetaka nguvu zaidi alikwenda kwa muuzaji wa Chevrolet akanunua, juu ya meza ya vipuri, manifoldi ya pekee iliyobeba kabureta mbili kubwa zilizokaa mshazari. Akaichukua nyumbani na kuifunga mwenyewe Jumamosi. Je, gari lake liliacha kuwa la asili Jumamosi hiyo jioni? Kiwanda kilichoiunda manifoldi hiyo, kikaipa nambari na kuitia katika kitabu, hakikufikiri hivyo.

Na Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, tumwite nani? Tangu mwaka 1967 alizitoa injini zilizokuja na Camaro akazitia zile za inchi 427, kwa kuwa kampuni ilikataza Camaro kupewa injini inayozidi inchi 400. Mwaka 1969 akamshawishi kiwanda kumfanyia kazi hiyo kwa kupitia mlango wa maagizo maalumu, ambao kwa kawaida ulitumiwa kwa magari ya teksi na ya polisi. Walioitwa waharibifu jana ndio wanaotajwa kwa heshima leo.

Sitaki kumdhulumu mpinzani wangu kwa kuificha hoja yake, maana anayo, na si ya kipuuzi. Yeye husema kwamba motokaa ya zamani ni waraka wa historia. Kila bolti inayofunguliwa ni herufi inayofutwa, na waraka uliokwisha kufutwa hauandikiki tena. Hoja hii naikubali kwa magari ya namna moja: yale machache yaliyofika kwetu bila kufunguliwa, yenye rangi ile ile, kitambaa kile kile na uchafu ule ule wa kiwandani. Gari kama hilo na liachwe. Atakayelitia spana kwa ajili ya farasi ishirini zaidi ni mjinga, nami nitasimama upande wa mzee mwenye miwani.

Lakini ni mangapi hayo? Motokaa hizi zilinunuliwa na vijana, nao hawakuzinunua ili wazitazame. Walizishindanisha usiku kwenye barabara tupu na mchana kwenye viwanja vya robo maili. Injini zilipasuka, nyingine zikabadilishwa na wauzaji wenyewe kwa dhamana. Kabureta zilihama, giaboksi zilihama, magurudumu yalihama. Gari lililopita katika mikono sita kwa miaka hamsini ni waraka uliokwisha kuandikwa na watu sita. Asemaye kwamba mwandiko wa kwanza tu ndio historia, na mitano iliyofuata ni uchafu, haipendi historia; anapenda siku moja tu, siku ya kuuzwa.

Tena tulifungue gari lake yeye mwenyewe. Viti vimeshonwa upya kwa kitambaa kilichofumwa juzi. Mabawa ya mbele yametoka katika mashine ya kampuni inayotengeneza nakala. Matairi yana maandishi ya mwaka 1969 na mpira wa mwaka jana. Rangi haikuwa imechanganywa wakati kijana wake alipokuwa shule. Haya yote ameyaita kurudisha asili. Kisha anamgeukia jirani yake, ambaye ameweka juu ya injini manifoldi ya chuma iliyotoka kalibuni Pontiac mwaka 1966, na kumwambia kwamba gari lake limechafuliwa. Basi kipande kilichotengenezwa juzi kikafanana na cha zamani ni asili, na kipande cha zamani chenyewe si asili? Nazi mbovu ni harabu ya nzima, na hoja hii moja mbovu imeoza kapu lote.

Nimesema habari za nguvu, lakini iko habari nyingine ambayo mbele yake mzaha hukoma, nayo ni breki. GTO ya mwaka 1964, pamoja na farasi wake 348, ilisimamishwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Ndani ya dramu mna vipande viwili vya kusugua vinavyotanuka na kuibana kwa ndani. Joto linalozaliwa humo halina pa kutokea upesi, na breki ikiisha kupata moto, mguu hukanyaga na gari haisikii. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: gari lenye kilo 1,600 likienda kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya ile liliyokuwa nayo kwa kilomita 50. Nishati yote hiyo sharti igeuzwe joto kabla gari halijasimama. Zaidi ya hayo, GTO hiyo ilikuwa na silinda kuu ya breki yenye njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote. Bomba moja likitoboka, breki zote zimekufa pamoja.

Pontiac yenyewe iliyajua mapungufu hayo. Mwaka 1967 iliwapa wanunuzi wa GTO breki za diski za mbele kama nyongeza, na silinda kuu ikagawanywa njia mbili, ili upande mmoja ukivuja mwingine usimamishe. Mwenye GTO ya 1964 akienda akavitafuta vipande hivyo vya kiwanda hicho hicho, akavifunga, amefanya nini ila kukamilisha kazi ambayo wahandisi walewale waliikamilisha miaka mitatu baadaye? Hata hivyo karatasi ya alama itamkata. Nakataa kabisa kuiheshimu karatasi hiyo. Barabara ambayo gari hili lapita ni barabara ambayo mtoto wa mtu mwingine huivuka, na mtoto huyo hakuulizwa kama anapenda breki za mwaka 1964.

Hapa nakumbuka jambo lililotokea kwetu. Mwaka 1964 ndugu mmoja wa ukoo huu wa magari, Mercury Comet yenye silinda nane, aliletwa Afrika ya Mashariki kushindana katika Safari. Ushindi haukwenda kwake. Ulikwenda kwa Ford Cortina GT, kigari cha lita 1.5, kilichoendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Sisemi Comet zilikosa breki. Nasema tu kwamba katika tope na mawe yetu wingi wa silinda haukutosha, na kila anayeongeza nguvu ajue kwamba nguvu si kitu cha kwanza kuongezwa. Breki kwanza, kisha springi na usukani, na injini mwisho. Vijana wengi huanza na injini, kwa kuwa breki hazina mlio.

Yupo mpinzani wa upande wa pili, naye nitampitia upesi. Huyu huing'oa injini ya zamani yote, akatia ya karne hii inayoongozwa na kompyuta, na kusema kwamba anayehangaika na chuma cha 1966 anapoteza fedha. Sina ugomvi mkubwa naye. Gari ni lake, na gari lake litaanza asubuhi bila kikohozi. Ila na asiniambie kwamba ameiongezea nguvu motokaa ile. Ameivaa ngozi yake. Aliyeipandisha 389 kutoka kabureta moja hadi tatu amelazimika kuijua: ameuliza kwa nini kamshafti hii hufungua valvu kwa muda huu, kwa nini vichwa hivi vina njia pana, kwa nini kabureta kubwa mno huifanya injini ndogo ilegee mjini. Wahandisi wa kiwanda walivipima vipuri hivyo pamoja, kimoja kwa ajili ya kingine, na fundi anayevikusanya tena hujifunza hesabu yao kwa mkono. Duka la leo litakuuzia kabureta kubwa bila kukuuliza una injini gani. Kitabu cha vipuri cha zamani kilisema: ukichukua hiki, chukua na kile, na kile.

Wala simhubirii mtu kwamba kila cha zamani ni bora. Mpira wa mwaka 1966 ni mavi ya kale, na bomba la petroli la wakati huo litakuchomea nyumba. Chuma cha miaka sitini chaweza kuwa na ufa usioonekana, na fundi asiyekipima kwa sumaku na unga wa chuma kabla ya kukifunga hana udhuru kitakapopasuka. Petroli nayo imebadilika: Marekani ilipiga marufuku ya madini ya risasi katika petroli ya magari ya barabarani kuanzia mwaka 1996, na kwetu Kenya petroli hiyo iliondolewa mwaka 2006. Injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda makalio ya valvu. Kwa hiyo vichwa vya silinda vikifunguliwa, vitiwe vikalio vya chuma kigumu. Havitaonekana kwa nje, na injini itaishi. Atakayeniambia kwamba hapo nimeivunja asili, nitamwambia aende akanunue petroli ya asili.

Sasa nafika penye kidonda. Kwa nini watu wazima wenye akili hugombana hivi juu ya bolti? Ni fedha. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda moja ya mwaka 1971, yenye paa la kufunuliwa, iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Ndugu yake wa kiwanda kimoja na mwaka mmoja, mwenye injini ya kawaida, hafiki hata karibu ya bei hiyo. Tofauti imekaa katika injini na katika nambari zinazosema kwamba injini hiyo na gari hilo vilitoka mlangoni pamoja. Nambari imekuwa na thamani kuliko chuma kilichopigwa nambari. Na penye nambari yenye thamani hiyo, mwizi hahitaji kuiba gari. Aiba nambari tu.

Kazi yake ni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilianza kupiga juu ya injini sehemu ya nambari ya gari lake. Mghushi hutafuta injini ya aina ile ile, huusaga uso wenye nambari mpaka ukawa laini, kisha huupiga nambari anayoitaka kwa patasi za tarakimu. Mashine ya kiwanda iliacha mistari myembamba juu ya chuma, naye hujitahidi kuichora tena. Ipo pia tarehe ya kalibu: katika injini za Chevrolet herufi A ni Januari na L ni Desemba, hivyo C 14 9 ni tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 9. Hiyo nayo hukwanguliwa na kubadilishwa. Kuichezea nambari ya utambulisho ya gari ni jinai kwa sheria ya Marekani. Lakini chini yake imeota biashara nzima ya nusu ukweli, na waliyoipalilia ni hawa hawa waabudu wetu, waliofundisha soko kwamba gari lisilo na nambari zilizolingana si kitu. Walipopandisha bei ya cheti, walipandisha na bei ya cheti cha uongo.

Turudi kwa GTO ya 1964, maana hapo jambo hili huonekana uchi. Kwa kuwa GTO ilikuwa nyongeza tu, nambari ya utambulisho ya gari haisemi kama liliuzwa kuwa GTO au LeMans ya kawaida. Ni mpaka mwaka 1966 GTO ilipopewa alama yake katika nambari. Aliye na magari mawili mbele yake, moja lililotoka kiwandani na 389 na jingine LeMans lililotiwa 389 na kabureta tatu baadaye, kwa vipuri vya Pontiac vya miaka ile ile, hawezi kuyatenga kwa nambari ya gari. Linaloyatenga ni karatasi za mauzo, na kinywa cha mwenye gari.

Watu wawili basi wamenunua LeMans mbili. Wote wawili wametafuta injini, manifoldi, breki na giaboksi za kiwanda. Wote wamefanya kazi miaka miwili, na kazi zao zimelingana hata kwa bolti. Wa kwanza anaandika katika tangazo lake: LeMans ya 1964, imejengwa kwa vipuri vya GTO, orodha ipo. Wa pili anaandika: GTO ya 1964. Spana zao hazikutofautiana; wametofautiana kwa neno moja. Lakini waamuzi wetu wamewaweka katika kapu moja, la wachafuzi, na kwa kufanya hivyo wamemwondolea yule wa kwanza faida ya kusema kweli. Akiisema, anadharauliwa kuwa ana gari la kuigiza. Akinyamaza, huenda akaheshimiwa. Ni baraza gani hili linalomwadhibu shahidi mkweli na kumwachia mwongo njia?

Mimi ningeligawa kapu hilo. Fundi aliyelitia gari vipuri vya kiwanda, akasema, apewe nafasi yake katika maonyesho, tena si ya nyuma karibu na vyoo, na ahukumiwe kwa ubora wa kazi: je, vipande hivi vilikubaliana katika kitabu cha kiwanda, je, vimefungwa vizuri, je, gari linasimama kama linavyokimbia. Injini aliyoitoa isitupwe; ipakwe mafuta, ifungwe kwa turubali, ikae sandukuni pamoja na gari lake, ili atakayetaka kuirudisha airudishe. Matundu mapya yasitobolewe penye matundu ya kiwanda. Na kila kipande kiandikwe katika daftari: nambari yake, tarehe ya kalibu yake, kilinunuliwa lini, kilifungwa na nani, na nini kilichokaa hapo kabla yake. Siku atakapokuja mnunuzi, boneti lifunguliwe na daftari lifunguliwe, vyote viwili kwa wakati mmoja, kabla bei haijatajwa.